Maadamu Anaitunza Kaya

Haya, wanangu, kaeni vizuri. Ninyi makarani wapya mmejizoesha kuja hapa kwangu Tunduma na simu zenu mkononi, mnaniita Mama Mkalimani, mnamaliza chai, halafu mnaniachia swali zito na kuondoka. Juzi mmoja wenu, simtaji, anajijua, alijaza chapati mdomoni ndipo akauliza: "Mama, hivi mahakama ya rufaa inajuaje neno lilimaanisha nini, wakati yenyewe haikuwepo neno liliposemwa?" Nikamwambia ameze kwanza. Alipomeza nikawa sina jibu fupi la kumpa, na mimi kukosa jibu huwa kunaniudhi. Basi nimeona niliandike, maana nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza kila baada ya sentensi mbili, na simu zenu zitaita.

Mimi nimefanya kazi ya ukarani na ukalimani wa mahakama tangu nikiwa msichana mwembamba, msicheke, mpaka nimestaafu na magoti yanayojua mvua kabla ya redio. Baba yangu alikuwa Mnyiha wa Mbozi, mama Mndali wa Ileje, nami nikaolewa na Mnamwanga. Hizo lugha sikuzisomea popote, nilizikuta jikoni. Mzee akisimama mbele ya hakimu na Kiswahili kikamgomea, naitwa mimi.

Nitawajibu kwa shauri la Bibi Tusekile, maana ndilo ninaloliwaza mpaka leo nikichambua maharage.

Bibi Tusekile alikuwa mjane wa milimani huko Ileje, mwanamke mfupi, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Mumewe alipofariki walimzika pale pale nyumbani, kando ya mibuni yao. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa, wakaandika karatasi fupi. Ilisema mjane asiuze kitu, asigawe kitu, na kwamba atakaa katika kaya ya marehemu "maadamu anaitunza kaya hiyo." Wakatia sahihi, wengine dole gumba, wakala, wakatawanyika. Nani alijua kwamba maneno yale yangekuja kuvutaniwa mahakamani!

Bibi alikuwa na binti mmoja tu, Lugano, aliyekuwa na kibanda cha chakula hapa Tunduma, kule yanakopanga foleni malori ya kwenda Zambia. Lugano akaugua, akaugua vibaya mno. Mama akafunga nyumba, ufunguo akampa jirani, akashuka kuja kumuuguza. Ugonjwa haukuwa wa wiki mbili. Msimu wa maharage ukapita, ukaja mwingine, bibi bado yuko Tunduma anapika uji na kubadilisha mashuka.

Huko nyuma shemeji yake, Mzee Ambakisye, mdogo wa marehemu na ndiye msimamizi wa mirathi, akaanza kuhesabu maneno. Karatasi inasema "maadamu anaitunza kaya." Mtu anayelala Tunduma anaitunzaje kaya ya Ileje? Tena mwanawe alikuwa amerudi kutoka Saza kwenye machimbo ya dhahabu, mikono mitupu na kifua kibovu, hana pa kuweka mke. Msimwone Mzee Ambakisye mbaya. Alikuwa baba mwenye mtoto aliyeshindwa, na nyumba tupu ipo hapo inamtazama.

Akaenda mahakama ya mwanzo, akashinda. Hakimu wa kule alisema neno "kutunza" liko wazi, ni kuangalia na kuhifadhi, na hakuna mtu anayeweza kuangalia kitu asichokiona. Basi, haki ya bibi kukaa pale imekwisha. Bibi akakata rufaa kwetu, mahakama ya wilaya, bila wakili, na koti lake la sufu.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje siku ya kwanza, nikamwamkia kwa Kindali. Alifurahi kama ameona ndugu. Nikamuuliza anachotaka hasa ni nini, ile nyumba au shamba.

"Mwanangu," akasema, "wakitaka bati waezue wachukue. Mimi ninataka kulala pale kwa mume wangu. Wakinitoa katika kaya, nikifa watanizika huko huko Tunduma, katikati ya watu nisiowajua hata majina. Nitaanzaje kusalimiana nao?"

Nilicheka, halafu nikaona machozi yananijia, nikajifanya natafuta faili.

Sasa, kabla ya kuingia mahakamani, lazima nimseme Mzee Simbeye, maana bila yeye mimi nisingekuwa na la kuwaambia. Alikuwa karani mkongwe, mwenyeji wa Ndalambo, mtu wa kofia na ugoro, mkali kwelikweli lakini akikugombeza anakununulia soda. Nilipoanza kazi nilikuwa na huruma ya kijinga. Shahidi akisema maneno yaliyopinda, mimi nayanyoosha. Siku moja mama mmoja alisema kwa Kinyiha, "Alinisukuma, labda, au niliteleza." Nikatafsiri, "Alinisukuma." Safi kabisa! Mahakama ilipoahirishwa Mzee Simbeye akanivuta kando.

"We binti, ile 'labda' ya yule mama umeipeleka wapi? Umeila?"

"Mzee, nilikuwa nafupisha."

"Unafupisha! Unadhani unamtafsiria huyu hakimu unayemwona? Yuko mwingine. Hujamwona, hamjuani. Atakuja kuyasoma maneno haya siku shahidi hayupo, sura yake haipo, sauti yake haipo. Huyo ndiye bosi wako."

Mchana uleule ilibidi nirudi mbele ya hakimu nikasahihishe. Aibu ile, jamani! Soda aliyoninunulia siku ile sikuimaliza.

Lakini hapo ndipo penye jibu la kwanza la yule mla chapati. Mahakama ya rufaa haiiti tena mashahidi wote kuanza upya. Inasoma yale yaliyoandikwa kule chini, kwenye mahakama iliyotangulia, mstari kwa mstari, na kuwasikiliza wenye shauri wakivutana juu yake. Zamani zetu hakimu aliandika kwa mkono, tena kwa Kiingereza. Bibi anasema kwa Kindali, mimi nasema kwa Kiswahili, kalamu inaandika kwa lugha ya tatu. Neno lilifika kwenye karatasi likiwa limechoka! Siku hizi mahakama inaandika Kiswahili, mashauri mnafungua kwenye mtandao, wengine wanasikilizwa kwa video. Ninafurahi, sisemi uongo. Ila mashine haitakuuliza umeipeleka wapi ile "labda."

Halafu kuna kijana wa guta. Hii nawasimulia kwa sababu inanichekesha, na kwa sababu imo ndani yake namna hakimu anavyolitazama neno. Alikuwa anasukuma guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, hapa mpakani, anapeleka magunia na kurudi, na kila Mzambia anamjua kwa "Mulishani!" yake, salamu ya Kibemba. Akakamatwa kwa kuegesha mbele ya geti la soko ambako sheria ndogo ilikataza "magari." Akatiwa hatiani. Kwenye rufaa hakimu akamwambia ajieleze.

"Mheshimiwa, gari lina injini. Mimi injini yangu ni ugali."

Ukumbi mzima chini kwa kicheko! Hata askari wa mlangoni aligeukia ukuta. Hakimu alisubiri tunyamaze, akaanza kuuliza taratibu. Sheria ile iliwekwa kwa nini? Njia isizibwe. Je, guta lenye magunia linaziba njia? Linaziba, tena sana. Nikajua kijana kaisha. Lakini hakimu akaendelea: mtu aliyesoma lile tangazo pale sokoni, muuza nyanya au mpita njia, angejua kwamba guta nalo ni gari? Hapa Tunduma nani huita guta gari? Hakuna. Akasema huwezi kumwadhibu mtu kwa neno ambalo watu wa mahali pake hawalitumii hivyo. Sheria ikitaka guta, iseme guta. Kijana akaachiwa, akashangiliwa mpaka barabarani. Waliotunga sheria hawakulala, wakaongeza neno "guta," na mtu wa kwanza kukamatwa kwa sheria mpya alikuwa nani? Yeye! Mpaka leo wanamwita Ugali.

Turudi kwa bibi.

Siku ya kusikilizwa rufaa ilinyesha ile mvua yetu inayopiga bati mpaka husikii hata mawazo yako. Tukakaa tu, tunaangaliana. Bibi Tusekile upande huu, Mzee Ambakisye upande ule, kofia yake magotini. Bibi akafungua kifurushi chake, akatoa viazi vya kuchemsha, akampa mmoja shemeji yake. Akapokea kwa mikono miwili, akala. Mahasimu hao! Nikamtazama hakimu, naye alikuwa anawatazama.

Hakimu wetu alikuwa kijana kutoka Pwani, mpenda maswali. Kaya ya milimani ilivyo hakuijua, na hakuona haya kusema haijui. Mvua ilipopungua akaanza kwa kuisoma ile karatasi ya ukoo yote, tangu salamu mpaka dole gumba la mwisho. Kule chini walikuwa wameushika ule mstari mmoja tu. Alipofika kwenye "asiuze" na "asigawe" akasimama.

"Mzee Ambakisye, wazee wenu walijua kuandika yanayokatazwa. Hapa wamekataza kuuza. Hapa wamekataza kugawa. Kutoka kwenda mahali wamekataza wapi?"

"Hawakukataza, Mheshimiwa. Lakini walisema atunze. Ukitoka hutunzi."

"Ukienda gulioni?"

"Hiyo utarudi jioni."

"Na ukienda kumuuguza mtoto?"

Mzee akaitazama kofia yake. "Inategemea na mtoto anaugua muda gani."

Alisema bila ubaya. Mimi ninaamini hata yeye alisikia jinsi ilivyotoka. Bibi alitazama chini.

Ndipo hakimu akageuza kurasa za mwenendo wa kule chini, yaani yale yote yaliyosemwa na kuandikwa na karani mwenzangu nisiyemjua. Mungu ambariki, alikuwa haachi kitu. "Hapa," akasema hakimu, "mzee ulieleza kwamba hujamtupa shemeji yako. Ulisema ulimpelekea kikapu cha maharage mapya Tunduma. Ni kweli?"

"Kweli kabisa. Muulize mwenyewe." Mzee akakaa vizuri, maana lilikuwa jambo la kujivunia.

"Kwa nini ulimpelekea?"

Swali jepesi. Nadhani hakimu mwenyewe alitegemea kusikia habari za huruma. Mzee Ambakisye Kiswahili anakijua, lakini jambo likiwa la heshima anarudi kwenye Kindali, naye akarudi. Alianza kueleza, nami nikaanza kutafsiri, na kadiri nilivyoendelea nikaona maneno yake yanakoelekea.

Alisema katika ukoo wao maharage mapya hayaliwi ovyo. Kikapu cha kwanza kinachotoka shambani kinapelekwa kwa yule anayeitunza kaya kubwa. Huyo anapika, anaonja, ndipo nyumba nyingine zote zinaruhusiwa kula. Zamani kilikwenda kwa mama yao. Mama alipofariki kikawa kinakwenda kwa kaka yake, marehemu. Kaka alipofariki kikawa kinakwenda kwa Tusekile.

"Na alipokuwa Tunduma?" hakimu akauliza.

"Nilipanda basi nikampelekea. Msimu wa kwanza, na msimu uliofuata."

"Kwa nini usingekipeleka kwa mtu mwingine aliyekuwapo kijijini? Au ukabaki nacho mwenyewe?"

Mzee akashangaa. Alimtazama yule kijana wa Pwani jinsi unavyomtazama mtu anayeuliza kwa nini hatuli sahani. "Ningekulaje, Mheshimiwa, kabla anayetunza kaya hajaonja?"

Nikatafsiri. Neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Mzee Simbeye kaburini alikuwa ananisikiliza, na sikuthubutu.

Mwanawe, yule wa Saza, alikuwa nyuma, nikamsikia anakohoa, akamnong'oneza baba yake aseme alipeleka kama zawadi tu. Mzee akaigeuza kofia yake magotini, akaigeuza tena. Alikuwa ameshayasikia maneno yake mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi kwake kabisa: aseme ilikuwa zawadi, nani angembishia?

"Nimesema nilivyosema," akasema kwa Kiswahili sasa, taratibu. "Maharage siwezi kuyaongopea."

Wanangu, nimetafsiri wezi, wachungaji, wafanyabiashara na waganga. Sijapata kumpenda mtu aliyekuwa anashindwa kama nilivyompenda mzee yule dakika ile.

Siku ya hukumu bibi alikuja na Lugano, amekonda lakini anatembea mwenyewe. Hakimu alisoma polepole ili nipate nafasi ya kumnong'oneza bibi kwa Kindali. Alisema kamusi inatuambia neno linavyotumika kwa watu wote, na si vibaya kuanzia hapo. Lakini karatasi hii iliandikwa na ukoo huu, katika kaya hii, na neno lao wao ndio wenye kulijua. Akasema yakizuka mabishano, njia mojawapo ya kulijua ni kuangalia wenyewe waliishi nalo vipi kabla hawajagombana. Hapo ni kabla ya wakili, kabla ya hasira, hakuna anayejipanga. Mzee Ambakisye alipopanda basi na kikapu magotini kwenda Tunduma, alikuwa anatujibu kwamba kwa ukoo wake Tusekile bado anaitunza kaya, hata akiwa anauguza mbali. Mahakama haina sababu ya kujifanya inalijua neno la ukoo ule kuliko ukoo wenyewe. Rufaa ikakubaliwa.

Bibi akanivuta mkono. "Wamesemaje mwishoni?"

"Wamesema rudi nyumbani, bibi."

"Nikiugua?"

"Hata ukiugua."

"Na nikifa?"

Hukumu haikuandika habari za kufa, na mimi nimefundishwa nisiongeze. Nikamwambia, "Hilo muulize shemeji yako." Akageuka. Mzee Ambakisye alikuwa ameshabeba kifurushi cha bibi. "Twende, shemeji," akasema, "basi la milimani halingoji watu." Wakatoka pamoja. Mimi nikabaki nalia mbele ya hakimu, naye akajifanya anatafuta kalamu yake.

Mnaosomea sheria mtaniambia kila shauri lina yake, na kwamba hakimu mwingine angeanza na kuishia kwenye kamusi. Sawa, huenda. Hata kule chini hakimu hakuwa mjinga. Kikapu kilipita mbele yake na yeye alikuwa anatazama mstari. Ninachowaomba ninyi makarani ni kidogo tu: andikeni kikapu. Shahidi akianza kuwasimulia habari za maharage na ninyi mna njaa, saa ya chakula imefika, msiweke kalamu chini. Mkono wake ukionyesha, semeni umeonyesha. Akinyamaza, semeni amenyamaza. Mzee akihitaji maji mpeni maji, maana koo kavu hufupisha maneno. Na viatu vya kugonga sakafu acheni nyumbani.

Bibi Tusekile alikaa kwake miaka kadhaa. Kila nikienda Ileje nilipita kumsalimia, na sikuwahi kutoka pale bila ndizi. Alifariki mwaka jana, usingizini. Shemeji yake ndiye aliyeonyesha mahali pa kuchimba, kando ya mibuni, ubavuni kwa mumewe, na hakuna aliyeuliza karatasi.

Mwaka huu maharage mapya yalipotoka, Lugano aliniita niende naye kufagia makaburi. Tulimkuta Mzee Ambakisye amesimama uani na kikapu mkononi, amezeeka sana, na wazee wengine wa ukoo wamekaa kwenye benchi wanamtazama kuona atakipeleka kwa nani. Mwanawe wa Saza, aliyejenga bondeni na kuoa, alikuwa anapasua kuni. Mzee akamfuata Lugano moja kwa moja, akakiweka kikapu miguuni pake.

Mmoja wa wazee akakohoa. "Ambakisye, ile karatasi ilimtaja mama yake. Huyu hayumo."

"Karatasi ile nimesomewa mpaka mahakamani," mzee akajibu bila kugeuka. "Naijua. Lugano, mwanangu, chukua sufuria ya mama yako."

Lugano akaweka ufagio chini. Akapiga magoti, akapokea, akaingia jikoni kwa mama yake kuwasha moto. Yule mzee aliyekohoa akasogea kwenye benchi kunipisha nikae. Tukakaa uani tukisubiri, wazee na wajukuu na mimi mgeni, wote na njaa zetu, mpaka maharage yakaiva na Lugano akatoka na upawa, akapuliza, akaonja mbele yetu.

Ndipo sote tukala.